Ucuru wa Mama Unaenda Embu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechuja ndoo mbili za ucuru kabla ya chai, mwanangu Mutwiri mgongoni analilia meno. Mama kwa kiti chake anaonja, anatema. "Bado." Kila siku ni bado. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi.

Sokoni Gakoromone tumeuza ndoo moja. Ile nyingine tumerudi nayo.

Zamani Mama alimaliza ndoo nne kabla ya saa sita. Nilikuwa darasa la pili, nakaa chini ya meza yake naangalia miguu ya wateja. Gambuti zenye matope, viatu vya walimu, miguu mitupu ya wabebaji. Wanakunywa wamesimama, wanataniana, wanaomba kuongezewa. Ucuru ni uji tu, wimbi na mtama uliochachishwa kwa kibuyu, lakini watu walikuwa wanauliza, "Ule wa Mama Kendi umefika?" Kendi ndiye mimi. Sasa vijana wanapita na soda, macho kwa simu.

Koome, yule wa kava za simu, amekuja tena kuuliza kibanda chetu. Anataka kupanua. Kamati ya soko inataka jibu mwisho wa mwezi.

"Mama Kendi, si upumzike tu, magoti yamechoka."

"Magoti ni yangu na kibanda ni changu. Wewe uza plastiki zako."

Soko lote lilicheka. Mimi nilicheka nusu. Tukiachilia kibanda, Mama ataamkia nini? Tukikishikilia hivi, tutakula nini?

Jumatano, 6 Agosti

Jana nilimrekodi Mama akimimina ucuru kutoka kwa kibuyu. Nikaweka hiyo video mtandaoni bila kufikiria sana. Leo nimepigiwa simu na msichana wa Embu, anaitwa Wawira, anafanya kazi ya ofisi huko. Anaolewa na Mmeru. Wazee wa bwana wanaleta mahari kwao Jumamosi ya tarehe 16. Anataka wazee wakaribishwe na ucuru kama wa kwao. Kwanza nimtumie chupa kumi Jumamosi hii, shangazi zake waonje. Wakiupenda, nitatengeneza wa sherehe yote. Na anasema hao shangazi wanajua kila mtu Embu.

Nimefurahi mpaka nikasahau kumbadilisha mtoto.

Mama aliuliza nitautuma na nini. Na chupa. Chupa gani? Nikamwambia, Mama, haya ni mambo ya simu, wewe kaa upumzike.

Akakaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Chupa mpya, safi, za kifuniko cha kubana. Nimebandika karatasi zenye jina: Ucuru wa Mama. Nimejaza mpaka juu kabisa ndipo zipendeze kwa picha. Nimebana kila kifuniko mpaka kiganja kikauma. Zimepanda gari la jioni, zitalala ofisi ya mizigo, Wawira azichukue asubuhi.

Mama alinitazama muda wote. Alipiga tu ulimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Saa tatu asubuhi nikapigiwa na karani wa ofisi ya mizigo Embu. "Wewe ndiye mama wa bomu?" Sikuelewa. Akaniambia chupa saba zimepasuka. Vifuniko viliruka mpaka dari. Uji umemwagikia mzigo wa jirani, kanzu za kwaya, zinatakiwa kesho kanisani. "Mama, hapa kunanuka busaa. Watu wanauliza kama tumefungua kilabu."

Nilimpigia mwenye kwaya kuomba msamaha. Mama mmoja mpole. Alisema watazifua, na zikibaki na harufu wataimba hivyo hivyo, Mungu atajua ni wao. Nilicheka huku nalia.

Wawira hakupiga. Aliandika tu: "Dada, shangazi zangu wamecheka mpaka wakatoa machozi. Mimi sijacheka."

Aibu. Nimezima simu.

Jumapili, 10 Agosti

Baba Mutwiri ameshuka kutoka Maua. Huko anafunga miraa, wiki nzima hatumwoni. Nilimweleza wakati wa kula. Akaweka kijiko chini.

"Kwani ulifunga kitu hai bila nafasi ya kupumua? Hata miraa tunaifunga na majani ya ndizi. Ukiweka kwa plastiki, hata Nairobi haifiki ikiwa sawa."

Jikoni nikamsikia Mama anacheka peke yake. Nikamfuata.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Uliniambia nikae."

Nilikasirika naye mpaka jioni. Halafu nikajikasirikia mwenyewe, na hiyo haijaisha. Mimi nililala pembeni ya vile vibuyu miaka yote ya utoto. Mama alikuwa anaviziba na gunzi la mahindi, si kwa kubana. Nilikuwa nasikia vikitoa pumzi gizani, ffff, na siogopi, kwa sababu nilidhani ni ng'ombe wadogo wamelala. Hayo yote nilikuwa nayo. Nikaenda kununua kifuniko cha kubana.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimemuuliza Mama vizuri. Nimekaa chini, nimeweka simu mbali. Kama Embu ni mbali hivi, ucuru unafikaje?

Akaniambia hausafirishwi ukiwa umechacha. Unasafirishwa ukiwa mtamu, umetulia, na chachu inaenda kando kwa kibuyu kidogo. Unachanganywa huko utakakonywewa. Dada yake alipoolewa upande wa Mbeere, ndivyo walivyofanya. Walitembea na kibuyu siku mbili. Sijawahi kusikia hiyo hadithi. Miaka ishirini na sita na sijawahi kumuuliza.

Nimempigia Wawira. Sikujitetea. Nimesema kosa ni langu, si la ucuru, na nikamweleza mpango. Amesema alikuwa tayari anatafuta uji wa pakiti.

"Mama Mutwiri, hao ni wakwe. Nikiaibika mbele yao, nitaaibika miaka yote."

Nikamwambia naelewa. Mimi pia nikikosea huu, nimefunga kazi ya mama yangu.

Amekubali. Mara ya mwisho, amesema.

Alhamisi, 14 Agosti

Mitungi minne ya uji mtamu imepanda gari la asubuhi. Chachu kwa kibuyu kidogo, gunzi mdomoni, jani la ndizi juu. Nimemwandikia karani asikilaze. Amejibu, "Bomu lina mlinzi leo?"

Nimerekodi mikono ya Mama ikichanganya, ndiyo Wawira afuate. Kiasi gani, unakoroga upande gani, unasimama lini. Nilitaka turudie kwa sababu Mutwiri alipiga kelele katikati. Mama amekataa. "Ukirudia unaharibu. Huyo msichana hajawahi kusikia mtoto?"

Wawira amechanganya saa kumi na moja jioni. Amenitumia picha ya sufuria tatu zimefunikwa na kitambaa. Sasa ni kungoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijaweza kula. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Saa kumi ujumbe umeingia. Wazee wamekunywa. Mmoja alikunywa, akarudisha kikombe, akauliza nani alichachisha, kwa sababu ladha hiyo mara ya mwisho aliionja kwa mamake. Mazungumzo ya mahari yalienda polepole, kwa heshima. Shangazi wawili wameomba namba yangu.

Nilikaa chini kwa sakafu ya jikoni. Nilimsomea Mama. Akasema, "Ningeongeza mtama kidogo," halafu akaenda nje. Alikaa huko sana.

Alhamisi, 21 Agosti

Oda nne wiki hii. Embu mbili, Chuka moja, mwalimu mmoja hapa Makutano. Zote kwa simu. Sokoni ndoo moja, na hiyo haikuisha.

Mutwiri ana homa. Asubuhi nachuja, mchana nakaa kibandani, jioni nafunga mizigo. Siwezi kugawanyika. Nimefikiria siku tatu, na leo nimemwambia Mama moja kwa moja: kibanda tumpe Koome. Tutengenezee nyumbani, kwa oda.

Alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Ucuru unaweza kutengeneza popote. Watu wangu wako sokoni."

Najua. Sikubadilisha neno. Limeniuma na sikubadilisha.

Ijumaa, 29 Agosti

Tumefunga. Mama aliosha meza na sabuni mara mbili, ingawa inaenda kwa mtu wa plastiki. Wanawake wa viazi walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Mmoja alimwambia, "Sasa nani atatusengenyea wateja?" Mama akacheka vizuri, kicheko chake cha zamani. Koome mwenyewe alitubebea vibuyu mpaka kwa boda. Alikuwa na adabu. Sikumpenda hata hivyo.

Mama hajanisemesha tangu jana. Nimempikia mukimo. Amekula.

Jumatatu, 1 Septemba

Mvua ndogo. Mama aliamka saa ile ile, akafunga kitambaa, akavaa sweta. Akafika mlangoni. Akakumbuka. Akarudi kukaa. Niliona yote na nikajifanya natafuta kiberiti.

Baadaye mteja mpya wa Embu ameandika. Nyanya yake amekataa kula, anataka ucuru tu, na je, mgonjwa anapewa mwepesi au mzito? Nilianza kujibu nikaacha. Nikampa Mama simu, nikamwonyesha pa kubonyeza arekodi sauti yake.

Aliishika kwa mikono miwili. Akamsalimia huyo mtu, akauliza nyanya anaitwa nani, analala vizuri, mvua imefika kwao, mahindi yako aje. Ndiyo akafika kwa uji. Mwepesi, vuguvugu, kijiko kwa kijiko, usimharakishe. Dakika sita. Sikumkatiza.

"Amenisikia?"

"Bado, Mama. Atasikia akifungua simu."

"Basi namngoja."

Nikamlaza Mutwiri mapajani mwake, nikaenda kuchuja.

Mpaka nimemaliza ndoo ya pili, bado ameshika simu, anaiangalia.