Diski Niliyoitangaza Imekufa

Jumamosi, Machi 2007. Shangani, Mtwara.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Moyo wangu mweupe leo, ila nina aibu kidogo. Ngoja niandike yote mawili.

Jumatano nilimliza mtu mzima.

Dada Fatuma ni mwalimu, jirani yetu nyumba ya tatu. Kwa miaka sita amekusanya maneno ya Kimgao, lugha ya pwani hii ambayo siku hizi utaisikia kwa wazee wachache tu. Anayempa maneno ni mama yake mzazi, Bi Somoe. Kazi yote ilikuwa kwenye diski moja ya nje, na diski hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha kompyuta yake kuukuu. Nakala nyingine hakuwa nayo. Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua. Kaka yake wa bandarini akamnunulia mpya ya kampuni ileile, nami fundi nikaitwa.

Nikachomeka diski, nikawasha huku nimeshikilia kitufe cha kuchagua diski. Ikatokea ile ya ndani peke yake. Nikajaribu vile vitufe vinne ambavyo kwenye kompyuta za zamani huleta ukurasa mweupe wa kuandikia amri. Hakuna kitu.

"Dada, diski imekufa," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Yote?"

"Yote."

Machozi yalimtoka kimyakimya. Akaniachia kompyuta niimalizie nyumbani, na diski pia. Akasema nikiweza kuifuta ikafaa kwa kazi nyingine, basi niichukue.

Leo asubuhi nikaiacha kompyuta iwake yenyewe, kwa diski yake ya ndani. Ndipo nikachomeka ile ya zamani ili niifute. Ikatokea kwenye kioo, na jina lake: MANENO YA MAMA. Faili zote zimo.

Mkono ulikuwa tayari kwenye mausi. Nikauondoa, nikakaa kwanza.

Kisha nikatafuta karatasi nilizochapa intaneti kafe mwezi uliopita nikaziacha bila kuzisoma. Kumbe maelezo yote yamo. Kila kompyuta ina programu ndogo iliyokaa kwenye bodi yake, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kutafuta diski ya kuanzia. Zile za zamani za kampuni hii, zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya PowerPC, zilitumia inayoitwa Open Firmware. Kampuni ilipohamia prosesa mpya za x86, programu hiyo nayo ikabadilishwa, ikaja EFI. Hii mpya haina ule ukurasa wa amri. Tena diski yenye mfumo ulioandikwa kwa prosesa ya zamani haiiweki kwenye orodha ya kuwashia, maana prosesa mpya isingeyaelewa maagizo yake. Lakini faili zilizomo inazisoma vizuri tu.

Diski ilikuwa nzima. Mimi niliuliza kama inaweza kuwasha, nikajijibu kwamba haisomeki.

Nikatoa nakala tatu, nikafunga kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda.

Nilipopiga hodi niliwakuta wamekaa mkekani, Dada Fatuma na daftari jipya, Bi Somoe anachambua mchele. Walikuwa wameanza upya. Kurasa nne zimeshajaa mwandiko.

"Dada, nilikosea. Maneno yako yapo. Nisamehe."

Alifungua faili ya kwanza, akasoma, akafungua ya pili. Halafu akanishika mkono.

"Mdogo wangu, ungenitia kichaa."

Nilitegemea lawama kutoka kwa mama yake. Yeye alicheka hadi ungo ukayumba. "Afadhali. Nilishaanza kuchoka kuulizwa maji ni nini."

Tukalinganisha daftari na diski. Maneno tisa ya daftarini hayakuwemo kwenye diski. Miaka sita yote, hayakuwemo. Dada Fatuma akamgeukia mama yake: "Haya ulikuwa umeyaficha wapi?"

"Niyafiche nini? Ulikuwa ukiniuliza ya baharini na ya shamba. Juzi ndiyo mara ya kwanza kuniuliza ya jikoni."

Wakaendelea palepale, mmoja akitaja, mwingine akiandika, mimi nikachapa hadi mchele ukaisha.

Ni watu wangapi nimewaambia "imekufa," nami sikuwa nimeuliza vizuri? Jumatatu naanza kuwatafuta.