Injini ya Mama Haipakwi Rangi ya Chungwa

Toledo, Ohio
3 Aprili 1988

Mdogo wangu Lyle,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua baridi ikirudi. Natumaini mgongo wako umepoa na zamu za kiwandani hazikumalizi.

Najua bado umenuna. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike Mama, na tangu nilipoing'oa injini ya Pontiac yake ukiwa kazini nikaja nayo huku. Wewe ulitaka kuliuza gari, mimi sikutaka, na gari lisilo na injini haliuziki upesi. Sijutii hata kidogo. Nimekuandikia mara ngapi, nawe kimya. Haya.

Nakuarifu tu kwamba injini nimeifungua yote, nimeiosha, nimeifunga upya. Imebaki kupakwa rangi. Nimeamua kuipaka rangi ya chungwa. Itapendeza sana.

Dada yako,
Nadine


Flint, Michigan
8 Aprili 1988

Dada Nadine,

Salamu. Mgongo haujambo, ila wewe umenipandisha presha. Chungwa? Kwenye Pontiac? Umelogwa? Chungwa ni la injini za Chevrolet, hata watoto wa chekechea hapa Flint wanajua! Ng'oa kishikio cha alternata, ile inayochaji betri, uangalie chini yake. Utaikuta rangi ya kiwandani ambayo haijaguswa na jua wala mafuta: samawati. Ndiyo aliyokuwa akiifuta Mama kwa kitambaa kila Jumapili, huku sisi tukimngoja atupeleke kula pai ya cheri.

Na tafadhali usinunue rangi ya kupakia mageti kwa sababu tu ni rahisi. Injini ikipata moto itatoka malengelenge na kubanduka. Nunua ile ya kuhimili joto. Bomba la chuma linalotoa moshi kwenye injini lipake ile ya kijivu ya majiko, maana pale panawaka kuliko kwingine kote. Sugua kwa msasa, futa kwa thina mpaka kitambaa kitoke cheupe, ndipo upake. Matabaka membamba, Nadine. Usipake kama unayepaka siagi.

Jambo jingine. Nimepata mnunuzi, bwana mmoja wa Lansing. Anataka bodi tu, injini anayo yake. Anakuja mwezi ujao. Sikutaka ulisikie kwa watu.

Usinione mbaya. Mimi ndiye ninayeishi katika nyumba hii. Kila asubuhi nikipita gereji naliona limekaa pale, kana kwamba Mama ametoka kidogo tu na atarudi. Naumia. Siwezi tena.

Mdogo wako,
Lyle


Toledo
1 Mei 1988

Mdogo wangu Lyle,

Hujambo? Goti limepona. Kumbe kalamu unayo, bwana! Miaka miwili sipati hata mstari, nikitaja chungwa napata kurasa mbili.

Nakuomba usiliuze. Nasema bila mzaha. Likienda kwa mtu wa Lansing, mimi nitabaki na chuma kwenye karakana na wewe utabaki na sakafu tupu, na sijui tutaandikiana nini tena. Wewe unaumia kuliona limekaa. Basi kosa ni la kukaa, si la gari.

Nimepaka kama ulivyosema, msasa, thina, matabaka membamba. Lakini kuna kitu sikielewi. Wiki nzima sasa, ukiiangalia imekauka, nikibonyeza ukucha unaacha alama. Nimekosea wapi?

Dada yako,
Nadine


Flint
6 Mei 1988

Dada Nadine,

Natumaini u mzima. Hujakosea popote. Ungesoma mgongo wa mkebe ungejua. Rangi hiyo haikomazwi na upepo, inakomazwa na moto wa injini yenyewe. Unaiwasha ipate moto, unaizima ipoe kabisa, unarudia, tena na tena. Isipowashwa itabaki laini hivyo hivyo. Na usije ukaitia kwenye oveni, nakujua wewe.

Shida ni kwamba ili iwake, injini inahitaji rejeta, tangi la mafuta na ekzosi. Vyote viko kwangu, kwenye gari.

Yule bwana anakuja Jumamosi ijayo, asubuhi.

Lyle


Toledo
9 Mei 1988

Lyle,

Jumamosi nami nakuja. Nimeazima pikapu ya jirani. Mwambie bwana wa Lansing asiondoke, atatusaidia kushusha.

Tutaifunga kwenye gari, tutaiwasha. Ukishaisikia na bado ukataka kumpa gari, mpe, na injini aichukue. Sitasema neno. Unajua sijawahi kuahidi hivyo maishani mwangu.

Fungua mlango wa gereji.

Dada yako,
Nadine


Flint
26 Mei 1988

Dada yangu Nadine,

Hujambo wewe na goti lako? Mimi sijambo, nalala vizuri siku hizi.

Ulipofunua turubai nikaona samawati, nilijua umenichezea tangu Aprili: chungwa ulilitaja ili tu nikujibu. Mkebe wa chungwa hukuwahi kuununua hata mmoja. Nimekusamehe, lakini nitalipiza.

Bado nacheka moshi ule wa kwanza. Bi Kowalczyk wa jirani na mpira wake wa maji, akipiga kelele kwamba gereji inaungua, na wewe unamjibu, "Acha, mama, ni rangi inaiva!" Yule bwana wa Lansing alivua kofia. Nilipomwendea kumwambia gari haliuzwi, alisema hana haja ya kuambiwa, ameshaniona ninavyolia. Kweli nililia. Sauti ni ile ile, Nadine, ya Mama akirudi kutoka kazini.

Tangu uondoke naiwasha kila jioni, kisha naiacha ipoe. Juzi nililitoa gari mpaka barabarani. Jana nilikwenda nalo kazini.

Leo nimebonyeza ukucha, haukuacha alama. Rangi imekomaa. Kazi imekwisha, na huna tena sababu ya kuja.

Njoo Jumapili.

Mdogo wako,
Lyle