Ruri na Mao Wasife

Takaoka, 18 Mei

Mjukuu wangu Chigusa,

Marahaba. Salamu zako zimefika pamoja na kifurushi. Sisi huku hatujambo kwa kipimo cha umri wetu. Mashamba ya mpunga yamejazwa maji na vyura hawatupi nafasi ya kusikilizana. Moyo wangu unakwenda kama gari moshi la zamani, unasimama kila kituo ila unafika. Daktari amenikataza ngazi, kwa hiyo godoro langu limeshushwa chini. Nyinyi je, mnakula? Na Nagisa, huyo mwenzako wa nyumba anayekuchorea picha, kikohozi kimemwacha?

Sasa mchezo wako. Ulisema ni riwaya inayosomwa kwenye kompyuta, yenye picha na muziki, na msomaji ndiye anayechagua njia. Nimefundisha fasihi miaka yote ile, nikadhani nitaumudu. Macho yamekataa. Basi Shangazi yako Hisano anasoma kwa sauti na kushika kipanya, mimi naamua. Hao wasichana saba waliofungiwa katika bweni la milimani anawasomea kila mmoja kwa sauti yake. Yule mkorofi amempa sauti ya mkuu wetu wa shule wa zamani, nami nacheka hadi natafuta dawa. Lakini kengele ya jioni ikilia, wakaanza kupiga kura nani atolewe kwa mlango mweusi asionekane tena, hakuna anayecheka.

Sisi tuko upande wa Ruri, mrefu asiyesema, na Mao anayesema kwa niaba ya wote wawili. Walivyogawana sweta moja kule darini, hukuwa na haja ya kutueleza wana nini. Umeandika vizuri, mwanangu. Nimesahihisha insha za vizazi vitatu, najua ninachosema.

Tuko jioni ya nne. Usinidokeze kitu.

Bibi yako,
Fumie


Tokyo, 25 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, Nagisa hajambo na anakuamkia. Tangawizi aliyotuma Shangazi Hisano imemaliza kikohozi, mwambie huyo mpangaji wako tunamshukuru sana. Nawe tafadhali usijaribu ngazi daktari akiwa mbali.

Nina jambo la kukuuliza. Kuna kampuni inataka kuusambaza mchezo wetu nchi nzima. Mhariri wao alituita, akatununulia samaki mkunga wa kuchoma juu ya wali, na akausifu mchezo hadi Nagisa akaanza kushuku. Kisha akatoa sharti. Mimi nimeandika miisho miwili: katika mmoja Ruri na Mao wanakufa wote wawili, katika wa pili wanatoka hai. Anataka huo wa pili niufute. Akasema, "Wakifa wanabaki wazuri. Wakizeeka, nani atalia?" Na juu ya boksi anataka tuandike kwamba ni hadithi ya urafiki.

Nagisa aliweka vijiti chini, hakula tena. Mimi nilimaliza sahani yangu, Bibi, kwa sababu sijui. Tunatakiwa kujibu mwisho wa Juni. Huenda mtu yule anasema kweli. Nani ataamini wasichana wawili wapendane, watoke wazima, wazeeke pamoja? Mimi mwenyewe niliyeandika sijawahi kuwaona watu wa namna hiyo.

Wewe umesoma kuliko sisi wote. Niambie, niwaue?

Mjukuu wako,
Chigusa


Tokyo, 11 Juni

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimepiga simu, Shangazi Hisano akasema, "Tuna msiba, tutakuandikia," akakata. Nikampigia Baba, naye akakimbilia kituoni na viatu vya ofisini. Alipofikia kukata tiketi ndipo jirani yenu akamwambia kwa simu amekuona uani ukianika mataulo. Nani amefariki?

Mjukuu wako mwenye hofu,
Chigusa


Takaoka, 14 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba, na pole kwa mshtuko. Mpe baba yako pole pia, ingawa kutembea haraka kunamfaa. Mvua za msimu zimeanza, miguu imevimba kidogo, mengine ni yaleyale.

Aliyefariki ni Mao.

Jioni ya sita nilipiga kura vibaya. Nilidhani namlinda, kumbe nimemtoa mimi. Ruri akabaki na sweta. Hisano akasema tulihifadhi mchezo jana yake, turudi nyuma tuchague upya, ndivyo vijana wanavyofanya. Nikamwambia mtu hafi akarudishwa kwa kubonyeza. Tukafunga kompyuta, nami nikaweka kibakuli cha wali mbele ya madhabahu ya nyumbani.

Hisano akasema, "Fumie, huyo amechorwa."

Nikamjibu, "Na marehemu mume wangu sasa ni picha, mbona wali anapata?"

Akawasha ubani. Tukakaa siku saba kama watu. Ulipopiga simu alikuwa anachemsha mboga za msiba, na unajua hapendi kusumbuliwa akiwa jikoni.

Sasa swali lako. Umeandika kwamba hujawahi kuwaona wanawake wawili waliozeeka pamoja. Nilimwita Hisano aisome sentensi ile kwa sauti. Aliisoma, akavua miwani, akasema macho ya mtoto huyu yanahitaji daktari kuliko yangu.

Chigusa, daktari amenipa kiangazi hiki, na majani ya vuli hana hakika nayo. Kwa hiyo naandika wazi. Hisano si mpangaji wangu. Hakuwahi kuwa. Babu yako alipofariki, baba yako alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hisano alikuwa akifundisha hesabu shule ileile. Majira ya theluji alikuja kunisaidia kupunguza theluji juu ya paa, kwa sababu paa lilikuwa linalia, akabaki. Mtaa ukauliza. Tukasema ni mpangaji, na mtaa ukaridhika kwa kuwa ulitaka kuridhika. Baba yako alilelewa na wanawake wawili, akala vya wote wawili, akagombezwa na wote wawili, na mpaka leo anafunga kamba za viatu kama Hisano. Hajawahi kuuliza, nasi hatukumwambia.

Hili ndilo ungamo langu, na utaona halina toba ndani yake. Katika vitabu vya ujana wetu, wasichana kama sisi walijirusha ziwani, au mmoja aliozwa na mwingine akaugua kifua. Tulivisoma, tukalia sana, kisha tukaenda sokoni kutafuta samaki. Hakuna mwandishi aliyekuwa ametuachia ukurasa wa kwenda sokoni. Tuliuandika wenyewe.

Mhariri wako anauliza nani atalia. Hisano amezeeka vibaya. Anakoroma, anatafuta miwani iliyo kichwani mwake na kunilaumu mimi. Na asubuhi nikimsikia jikoni akigombana na sufuria, najiona mtu aliyeshinda. Nimepata tuzo ya elimu ya mkoa, lakini kitu ninachojivunia ni ile kelele.

Mwandishi ana haki ya kuua. Waue ikiwa hadithi inataka. Lakini usiwaue kwa sababu hakuna atakayeamini. Mimi naamini, nami nipo, na Hisano yupo hapa anasema nifupishe.

Habari za Nagisa sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nyumba hii ina chumba kikubwa cha wageni, na godoro la watu wawili linaanikwa kila Jumapili.

Bibi yako,
Fumie


Tokyo, 21 Julai

Bibi Fumie na Bibi Hisano,

Shikamooni. Nisameheni kuchelewa. Baba amenieleza alichosema daktari wiki hii, kwa hiyo siulizi hali. Naomba tu mnieleze Bibi Fumie anapata usingizi kiasi gani na kama supu inapita.

Barua yako niliisoma kituoni nimesimama. Treni yangu ilikuja ikaondoka, na ya pili pia. Nagisa alipoisoma aliingia bafuni, akakaa humo mpaka maji yakapoa. Alipotoka akasema, "Sasa tuna pa kwenda likizo ya mwaka mpya." Ndiyo, Bibi. Hukuuliza, nami nimejibu.

Kampuni tumeikataa. Mhariri alisema kwa upole kwamba tutaishia kuwauzia ndugu na marafiki. Nagisa akamwambia, "Vizuri, tuna ndugu wengi." Tutauza wenyewe kwenye soko la Agosti la wanaojitungia kazi zao, meza yetu imekubaliwa. Juu ya boksi Nagisa ameandika kwa herufi ambazo hata wewe utazisoma: mapenzi ya Ruri na Mao.

Tena nimebadilisha jambo. Katika michezo ya aina hii msomaji hurudi nyuma kila anapofiwa, hakuna anayekaa matanga. Hatukuwahi kufikiria mtu kama wewe. Sasa kompyuta inahesabu. Msomaji akikataa kurudi nyuma, akauacha mchezo umefungwa siku saba, atakapofungua atakuta mlango mweusi wazi na Mao akiwa hai nyuma yake. Halafu kuna ukurasa wa mwisho wa wanawake wawili wazee jikoni. Maneno yao nimeyaiba kwenu.

Nimeweka mchezo wa aina mbili kwenye kifurushi. Mmoja ni kamili, mwingine unafungua mlango hapohapo. Tafadhali, Bibi, tumia wa mkato. Usisubiri.

Mjukuu wenu,
Chigusa


Takaoka, 24 Agosti

Chigusa,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na majirani wanaleta matikiti kuliko ninavyoweza kumaliza. Nafurahi boksi zenu ziliisha kabla ya saa sita. Yule msichana aliyewauliza mezani kama Ruri na Mao wanaishi, na mkamjibu wanaishi, naye akanunua mbili, siachi kumfikiria.

Nilikuahidi kukueleza mambo ya Fumie, kwa kuwa siku zile za mazishi hapakuwa na utulivu.

Wa mkato aliukataa. Alisema amewazuia watoto kuchungulia majibu maisha yake yote, hawezi kuanza kuchungulia mwishoni. Tukacheza ule kamili. Jioni ya sita alipiga kura ileile mbaya kwa makusudi, akafumba macho nikisoma. Tukafunga. Nilimhofia kila siku iliyofuata, maana hata kijiko kilikuwa kinamlemea. Nilimwomba turudi nyuma. Akaniambia, "Hisano, mimi na wewe hatujawahi kurudi nyuma."

Siku ilipotimia, baada ya chakula cha mchana, akasema fungua. Mlango ulikuwa wazi. Nikasoma mpaka jikoni, wale bibi wawili wanagombania chumvi ya supu. Akasema yule msumbufu ni mimi. Nikasema ni yeye. Tukabishana hadi nesi anayekuja kumhudumia nyumbani akaja kuchungulia. Kisha akaniomba niusome tena ukurasa ule, na wakati wote alikuwa na uso aliokuwa nao siku za mahafali, mwanafunzi wake anapoitwa wa kwanza. Akasema, "Mwandikie kwamba nimefika mwisho, na kwamba ni kazi ya mtu mzima." Alituacha siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, mimi nikiwa jikoni. Natumaini nilikuwa na kelele ya kutosha.

Na jambo lako, ambalo sikukushukuru pale. Ndugu walipoitwa kuokota mifupa kwa vijiti baada ya mwili kuchomwa, nilikaa nje kwenye benchi pamoja na majirani, mahali pa mpangaji. Ukatoka na vijiti mkononi, mbele ya baba yako na ukoo mzima, ukasema, "Bibi, tunakungoja wewe." Hakuna aliyesogea. Halafu baba yako akarudi nyuma hatua moja kunipisha, na mfupa wa kwanza tukaushika pamoja mimi na wewe.

Jumapili iliyopita baba yako alikuja kukata nyasi. Alikuta kibao kipya mlangoni chenye majina yetu mawili kwa ukubwa mmoja, akakisoma, akauliza kama misumari imekaza. Akaigonga tena mwenyewe.

Andika mwingine. Safari hii weka wazee wengi zaidi, nina sauti zao zote.

Bibi yako,
Hisano