Bibi Yako Hakuwa Mpole

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Masanze tu wazima, na mahindi yamebeba.

Unauliza kama kweli marehemu bibi yako alikuwa mpole, kama walivyosema mazikoni. Mpole! Aliyesema hivyo ndiye mwalimu mkuu aliyemfuta binti mmoja, Mwajuma, shule enzi za Ujamaa, eti kavunja ungo, kawekwa ndani. Bibi yako, aliyekuwa Bibi Maendeleo wetu, mtumishi wa maendeleo kijijini, akabeba vitabu akaenda kwao Mwajuma. Baba mtu akamzibia mlango.

"Mwali si hufundwa?" bibi yako akafoka. "Nimekuja kumfunda. Pisha!"

Akamsomesha humo humo ndani. Siku Mwajuma alipotolewa, alikwenda kufanya mtihani, akafaulu.

Mwalimu Mwajuma aliyekufundisha kusoma ndiye huyo. Muulize kama mlango ule ulifunguliwa kwa upole.

Babu yako