Pete ya Zohali kwenye Ukuta wa Baba

3 Juni

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imepauka kwa sabuni za hapa kwa dobi.

Nakutumia picha ya nne ya Zohali, ile sayari yenye pete. Nimeipiga juu ya paa la kazini, tunapoanika mashuka. Darubini nimeiegemeza kwenye tangi la maji, kamera nimeifunga nyuma yake. Tangu nizaliwe hujatundika picha yangu hata moja kwenye ukuta wa studio yako. Hii utaitundika, Baba. Sikuachii.

Binti yako

20 Juni

Marahaba, mwanangu. Mgongo tumeshazoeana.

Picha imefika. Naona tone la maziwa kwenye kitambaa cheusi, pete sioni. Miaka thelathini napiga picha za pasipoti: masikio yasipoonekana, zinarudishwa. Zohali bila pete ni hivyo hivyo. Ulibonyeza kwa kidole, kamera ikatikisika. Iache ijipige yenyewe. Rudia.

Baba yako

15 Julai

Shikamoo tena, Baba. Loo, wewe mgumu jamani!

Kwa kidole sikugusa. Safari hii nimechukua video, maana hewa ya huko juu huchezacheza. Kompyuta ikachambua vipande elfu mbili, ikabakiza mia tatu vilivyotulia, ikavipanga kimoja juu ya kingine. Msimamizi wetu kaiona pete kabla sijamwambia kitu. Najua, yeye si mpiga picha. Jicho ninalolitaka ni lako. Chanda chema huvikwa pete, na hiki kimevikwa. Ukikataa, napanda paani tena, hata mara hamsini.

Binti yako king'ang'anizi

2 Oktoba

Mwanangu, hujambo? Najua nimekaa kimya, na najua umenuna.

Hata hiyo ya mwisho niliiona tone la maziwa. Nilikuwa nimeshaandika "Rudia" alipoingia mama mmoja, karudishiwa picha zake za pasipoti mara ya pili. Ukungu mtupu, anasema. Nikambishia kwelikweli. Akaiona picha yako mezani: "Hii pete umeipiga vizuri hivi, uso wangu ndio umekushinda?"

Nikatoa zote tano. Akaweka kidole kwenye pete ya kila moja, hata ile ya kwanza kabisa.

Nikaenda hospitali: ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nimekurudisha paani mara nne kwa upofu wangu, na makosa nikakubebesha wewe. Nimeona aibu, mwanangu. Nisamehe.

La kulia wamelipasua wiki jana, na pete nimeiona. Nimezitundika zote tano, ingawa ya pili kweli ilitikisika. La kushoto ni mwezi ujao. Studio nimeifunga. Wateja nimewaambia atakuja kuifungua binti yangu.

Baba yako