Panya Walioingia Wenyewe Mikononi Mwangu

Muke wangu Mama Zuhura,

Amani ya Mungu itangulie mbele ya maneno yangu, ikukute umekaa kitako, na binti yetu Zuhura pembeni akikusomea. Asome polepole, asiruke, maana nimeandika kwa mukono wangu, sikuomba mutu. Kifua chako kinaendeleaje? Nasikia risasi zimerudi upande wa Carama. Usiende huko kufuata mboga, nunua hapo hapo mutaani kwetu Buyenzi. Mi ni muzima. Baridi ya Ubelgiji inalaza vijana, mi haijaniweza.

Nilipokuambia kazi yangu ni kutunza panya wa madokta, mulicheka nyumba nzima. Sasa sikiliza, maana kazi hiyo imeniharibia moyo.

Panya hawa si wale wa jikoni. Madokta waliwageuza tangu mbegu. Ndani ya ubongo kuna vichembe vinavyotengeneza homoni, ndizo zinazoambia mwili kua, zaa, ogopa. Vichembe hivyo ni vichache, na vinafanana na vingine vyote. Ni kama gari lenye waya elfu, zote nyeusi, na we unatafuta moja. Basi wakachukua kitu cha munyama mumoja wa baharini anayewaka, wakakitia kwenye mbegu ya panya, na vile vichembe vya homoni tu vikawaka kijani chini ya taa. Waya moja imepakwa rangi! Dokta Katrini, musichana mwenye kazi hiyo, alinionyesha kwenye mashine yake. Nyota za kijani, Mama Zuhura. Nilisema Subhanallah mpaka akacheka.

Lakini panya akiogopa, homoni ya woga inajaa, vipimo vyote vinaharibika. Na hapo ndipo walinihitaji mi. Wengine wanamukamata panya kwa mukia, analia. Mi ninaweka mikono kama bakuli, naimba kasida kidogo, nangoja. Anaingia mwenyewe. Jengo lote apana mutu anayeweza. Katrini aliniita Papa, nami nikamuita binti yangu. Kila panya aliyemutaka, nilimubebea mpaka mulango wa chumba chake, ametulia kama mutoto aliyeshiba.

Mi nilidhani wanarudishwa chumba kingine, kupumuzika. Usinicheke. We unajua miaka yangu ya garaji. Nimefungua vichwa vya moteri vingapi? Unafungua, unaangalia, unarekebisha, unafunga, na gari linapanda mpaka Gitega. Nilisema moyoni, kama fundi wa Buyenzi anafungua kichwa na kukifunga, dokta wa Ulaya atashindwa?

Siku moja nikaweka maranda mapya kwenye visanduku, nikamuuliza Katrini, «Binti yangu, wale wa kwanza wanarudi lini? Nyumba yao iko tayari.»

Akaniangalia. «Papa, hawarudi.»

«Wameenda wapi?»

«Ubongo hauangaliwi panya akiwa hai, Papa. Unakatwa vipande vyembamba.»

«Mbona hukuniambia?»

«Hukuniuliza.»

Nikatoka. Kwenye korido nikamukuta Batista, Mukongomani anayeosha chini. Nikamueleza. Akaegemea ufagio wake.

«Muzee, ni we peke yako ulikuwa hujui. Dokta Katrini alitukataza. Alisema, musimuambie muzee, mikono yake itaanza kutetemeka.»

Umesikia? Alijua. Kila asubuhi ananiita Papa, na anajua.

Usifikiri nalilia panya. Kuku wa Idi ninachinja mi mwenyewe, na mbuzi pia, na kisu changu mutaa muzima walikiazima. Lakini kuku nikimuchinja najua ninamuchinja, na jina la Mungu ninalitaja. Hawa niliwaimbia. Mudogo wangu Saidi, siku ile ya vita, aliitwa na nani pale mulangoni? Haikuwa sauti ngeni. Angesikia sauti ngeni asingefungua, wasingemuua. Mama Zuhura, wamenifanya mi ile sauti.

Nikakataa. Katrini akabeba mwenyewe, akang'atwa kidole, vipimo vikawa takataka. Akaja mpaka nyumbani kwangu na machozi. «Papa, kuna watoto hawakui, kuna wanawake hawazai. Tunawatafutia dawa.»

Nikamuambia, «Dawa ni nzuri, sibishi. Ungenieleza siku ya kwanza, pengine ningebeba.»

«Basi sasa umeelezwa. Beba.»

«Sasa apana. Sasa mikono yangu inajua.»

Patroni wao akaniita, akasema beba ao toka. Nikavua koti lao jeupe, nikalikunja vizuri, nikaliweka mezani kwake. Hakuamini. Walizoea watu wa kuomba.

Sasa jambo lenyewe. Karatasi ya kukuleta huku ilisimama juu ya kazi hiyo. Kazi imeanguka, nayo imeanguka. Najua masufuria umeshayagawa, najua umewaaga majirani. Yarudishe. Mi ndiye nimekufungia mulango, si Ubelgiji. Utasema nimekuacha kwenye risasi kwa sababu ya panya. Useme, una haki, wala sitakuomba musamaha, maana hata wakiniita kesho nitakataa tena.

Unisalimie dada yangu mukubwa Mwajuma, na imamu wa musikiti wetu, na Kasimu aliyeshika garaji yangu, umuambie spana si nyundo. Zuhura namubusu kichwani.

Ila ukinijibu, hata kwa hasira, mwanzoni mwa barua uandike bado «mume wangu». Hapo tu nitaangalia kwanza.

Nimeishia hapa, kalamu imenichosha kuliko moteri,

Fundi Ramazani, baba yake Zuhura