Nusu ya Kasyoki

Matinyani, Jumapili

Kaka Mulinge,

Huku tuko tu. Mvua ilikatika mapema, lakini ndengu tulipata debe mbili. Wamama wa kanisa walikuja kumwombea Mama, naye akawaimbia pambio lote bila kukosea.

Ule unga wa moringa ulifika. Unasema panya wa maabara yenu waliolishwa unga huo walikumbuka njia. Nauchemsha kila asubuhi, kwa hivyo usiniulize tena kama namnywesha vizuri. Mama anakunywa nusu, halafu anafunika kikombe kwa kisahani.

"Wewe mama, hii usiguse," ananiambia. "Ni ya msichana wangu Kasyoki. Ako na mtihani, wacha akili yake ishike."

Nikimwambia Kasyoki ni mimi, ananiangalia kwa huruma. "Kasyoki ni mtoto," anasema.

Mwezi mzima hajasahau kuniwekea. Akitoka kwenda kuota jua, nafunua kikombe, nakunywa. Ni chungu, kaka. Usitume mwingine. Kumbukumbu unaniongezea mimi, na katika nyumba hii ni mimi ningeomba kusahau.

Dada yako, ambaye wewe bado unamjua,
Kasyoki